Walipokuwa Bado Wanaelea

Asubuhi ile bafu la akina Enock lilikuwa na foleni kama kawaida, isipokuwa safari hii aliyewatangulia wote alikuwa bata.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili na bafu moja kwa watu wanne, pale Richfield, Minnesota, Marekani, mahali ambapo ndege za abiria hupita juu ya paa zikiwa zimeshatoa magurudumu. Shangazi Brigitha alikuwa amekuja kutoka Bukoba kumsaidia Enock kulea binti yake, Susan, na mpaka leo kila ndege ilipopita aliinamisha kichwa. Dafrosa, mdogo wake Enock, alisimama mlangoni na mswaki mkononi akisikia maji yakifunguliwa na kufungwa.

"Shikamoo, shangazi. Uko humo?"

"Marahaba. Ingia tu, tunamalizia."

Hilo neno "tunamalizia" Dafrosa hakulipenda. Alisukuma mlango. Shangazi alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa choo, bata amempakata kwenye taulo, na kwa vidole vyake vinene alikuwa akimpaka mafuta ya mgando kifuani, taratibu, kwa kufuata mlalo wa manyoya. Miguu ilikwisha pakwa zamani, ilikuwa inang'aa.

"Shangazi! Unafanya nini?"

"Nafanya ulichosahau. Umemwogesha mtoto wa watu, ukamwacha amepauka hivi, na baridi la nchi hii. Tangu lini mtu akaogeshwa asipakwe? Ataonekana hana mwenyewe."

Susan alipenya kati yao akiwa na nguo za kulalia, akamnusa bata kichwani. Kiswahili alikisikia chote lakini alikijibu kwa Kiingereza. "Auntie, he smells like me," alisema kwa furaha. Ni kweli, bata alinukia kama yeye akitoka kuogeshwa.

Dafrosa alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akashindwa kucheka na akashindwa kulia. Bata yule alikuwa jike, wa rangi ya majivu, mwenye doa jeupe kuzunguka jicho kana kwamba mtu alimpitishia chokaa kwa ncha ya kidole. Alimtoa yeye mwenyewe kwenye matete kwa wavu, akiwa ametapakaa mpaka mdomoni mafuta yaliyomwagika mtoni. Alimwosha mara ya kwanza, akamwosha mara ya pili, na jana alipomjaribu majini alielea vizuri, akatoka ameloa kidogo tu ubavuni. Zilikuwa zimebaki siku mbili, tatu, ajipange manyoya kwa mdomo wake, halafu aende zake. Sasa wamerudi mwanzo kabisa.

"Mafuta ndiyo yaliyomleta hapa, shangazi," alisema. "Manyoya yakishika mafuta, maji yanapenya hadi kwenye ngozi. Anapigwa na baridi, anazama."

"Bata azame?"

"Anazama."

Shangazi alitazama mikono yake. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nitauliza vipi kitu ninachokijua?" alisema shangazi, na sauti yake ilikuwa imeshapungua. Alimfunika bata kwa taulo, akampa Dafrosa.

Kemunto alipopiga honi chini, Dafrosa aliteremka na bata ndani ya boksi la ndizi. Kemunto alikuwa Mkenya, mtu wa Kisii, anakaa Burnsville ng'ambo ya mto. Usiku kucha alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, na macho yake yalionyesha hivyo.

"Nini iko kwa hiyo box?"

"Bata."

"Ati umelala na bata kwa nyumba? Aki wewe Mtanzania uko serious." Alipohadithiwa habari ya mafuta ya mgando alicheka mpaka ikabidi ashike usukani kwa mikono miwili. "Lakini hata mimi ningempaka. Hii baridi inakausha mtu anakaa kama chapati ya jana."

Mwaka ule, 1997, theluji ilikuwa imeanguka mpaka watu wakachoka kuisukuma, kisha ikayeyuka yote kwa pamoja. Mto Minnesota ulivuka kingo zake, ukaingia msituni, ukaingia kwenye maegesho ya magari, na chini ya mwinuko wa Bloomington ukaingia katika yadi ya kampuni moja iliyokuwa na tangi kubwa la mafuta ya kupashia nyumba joto. Tangi lile lilitakiwa lifungwe kwenye msingi kwa minyororo. Halikufungwa. Maji yalilinyanyua, likalala ubavu, na mafuta yakashuka mtoni wiki ileile ndege wa majini walipokuwa wanarudi kutoka kusini. Wamevuka nusu ya Marekani, wamechoka, wakatua kwenye mafuta.

Kampuni haikusema kwamba imemwaga mafuta. Ilisema kuna tukio limetokea mtoni. Kabla hata ya kuleta wavu wa kwanza, ilikuwa imeshachapisha fulana nyeupe zenye picha ya bata na jina lake. Kisha ikatafuta mkandarasi, mkandarasi akatafuta wakala wa vibarua, wakala akawatafuta akina Dafrosa na Kemunto. Ungetaka kumjua mwenye kosa, ungepanda ngazi mpaka magoti yakuishe, na juu kabisa ungekuta fulana.

Walipofika kazini, getini alikuwa amesimama mzee Harrison na darubini yake shingoni. Alikuwa mpeleka barua mstaafu, na kila majira ya kuchipua alitembea kwenye kingo zile kuangalia nani amerudi. Yeye ndiye aliyewafundisha vibarua kuosha: mmoja ashike mabawa, mwingine aoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kichwa kwa mswaki, kisha suuza mpaka maji yateleze yenyewe. Na kabla hujamwachia, mweke kwenye maji. Akitoka na tumbo kavu, aende. Akitoka ameloa, bado. Juzi mzee Harrison alizungumza na gazeti kuhusu minyororo ya tangi. Tangu siku hiyo mlinzi alikuwa na amri ya kumzuia nje ya uzio.

"Amelala salama?" mzee aliuliza akichungulia boksi.

Dafrosa aliona haya kusema. "Itabidi tumwoshe tena," alijibu.

Pa kuoshea palikuwa gereji kuukuu ya matairi. Ndani palikuwa na madimbwi ya plastiki ya watoto kuchezea maji, yenye picha za samaki wanaotabasamu, na kila dimbwi lilikuwa limejaa maji ya kahawia na kinyesi. Harufu ya mafuta, sabuni na manyoya mabichi ilikushika kooni ukiingia na haikukuachia hata ukiwa kitandani. Mkandarasi alikuwa akizima hita kila jioni ili asimalize gesi. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, vibarua waliwaokota waliokufa usiku na kuwatia katika mifuko myeusi nyuma ya mlango, mtu asiwaone. Ndiyo maana Dafrosa alikuwa amemchukua yule wa jicho jeupe akaenda naye nyumbani. Hakuomba ruhusa.

Asubuhi ile mifuko ilikuwa miwili. Kemunto aliitazama, akatema mate pembeni, akavaa glavu. "Hii kazi ni uchafu," alisema. "Na siongei juu ya mafuta."

Walimshughulikia jicho jeupe kwanza. Kemunto alishika, Dafrosa aliosha. Mafuta ya mgando ni mabishi, yaling'ang'ania kifua kile kana kwamba yana kisasi. Bata alipiga kelele mwanzoni, halafu akakata tamaa, akaegemeza kichwa kwenye mkono wa Kemunto. Walikuwa wanamsuuza aliposikika mtu akigonga mlango kwa buti.

Alikuwa Mark, msimamizi, na boksi la maandazi ya dukani. Mark akileta maandazi ujue kuna jambo.

"Habari njema," alisema. "Tunawaachia leo. Saa nane mchana. Mkurugenzi anakuja, televisheni wanakuja, na gereji hii lazima tuirudishe kwa mwenyewe."

"Tulikubaliana wiki ijayo," Dafrosa alisema.

"Wanaonekana safi kabisa."

Kemunto alimrudisha jicho jeupe katika boksi la ndizi. Dafrosa alimchukua bata mmoja kati ya wale waliooshwa jana, akamweka dimbwini. Alielea, akapiga maji kwa miguu, na wote watatu wakamtazama. Baada ya muda mgongo ulianza kushuka. Maji yakafika kwenye mabawa. Dafrosa alimtoa akamgeuza: tumbo lilikuwa limelowa mpaka ngozi ikaonekana, nyekundu.

Mark alitazama. Aliona vizuri, kwa sababu alikunja uso. Kisha akasema, "Mto una kingo. Akichoka atatoka," akauma andazi.

Kuna watu hawajui, na hao unaweza kuwavumilia. Mark alikuwa anajua, sukari ya andazi ikiwa bado kwenye ndevu zake, na Dafrosa alimwonea kinyaa kuliko alivyoionea ile mifuko myeusi.

"Na wewe, Dafrosa," Mark aliendelea, "utamwachia wa mwisho, mbele ya kamera. Mkurugenzi amefurahi sana kusikia tuna mtu kutoka Afrika. Mtu aliyekulia na wanyama pori."

Dafrosa alikulia mtaa wa walimu, Bukoba mjini. Mnyama pori aliyemzoea alikuwa twiga, yule aliyechorwa kwenye mkia wa ndege ya shirika la taifa.

"Ile kazi ya kiangazi pia," Mark alisema, sasa kwa sauti ya chini, "ya kuwaangalia ndege mtoni. Nimeshalitaja jina lako. Wanataka kukuona tu." Akainama juu ya boksi la ndizi. "Huyu hapa. Jicho zuri. Huyu ndiye wa televisheni."

Alipotoka, Dafrosa alibaki ameshika mswaki. Alikuwa anasomea elimu ya wanyama chuoni, na kwa miaka yote ya kusoma kazi aliyoipata ilikuwa kutandika vitanda kwenye hoteli zilizozunguka jumba moja kubwa la maduka. Kazi ya mtoni ndiyo aliyoivukia bahari. Kutembea na darubini, kuandika nani ametaga wapi, kulipwa kwa kutazama. Mbele yake alikuwa na bata aliyelowa, na mkurugenzi alitaka amtupe majini huku akitabasamu.

"Sikiza," Kemunto alisema. "Mimi niko na watoto watatu. Sitasema kitu. Na wewe usiseme kitu. Achilia huyo ndege, smile, twende home."

"Atakufa, Kemunto."

"Najua atakufa. Nani amekuuliza?"

Saa nane hema lilikuwa limeshasimamishwa ukingoni, viti vimepangwa, kahawa ipo. Pale ambapo maji bado yalikuwa na utando wa rangi rangi wa mafuta, mtu alikuwa amepanga marobota mapya ya majani makavu, ya kupendeza, kamera isifike. Mkurugenzi alivaa fulana nyeupe juu ya shati na tai. Alisema ndege ni majirani zetu. Alisema kampuni yake ni familia, na familia husafisha pamoja. Hakuna aliyemwona akishika mswaki. Dafrosa aliyasikia yote akiwa amesimama nyuma yake na boksi mikononi.

Maboksi yalifunguliwa. Bata walikimbia kwa miguu yao mifupi, wakaingia mtoni, wakatawanyika juu ya maji yenye jua. Kweli ilipendeza. Watu walipiga makofi, mama mmoja akafuta machozi, na mpiga picha aliwafuata ndege kwa kamera mpaka wakaanza kuwa wadogo. Kisha akageuka kumpiga picha mkurugenzi anavyofurahi.

Nyuma ya mgongo wa mkurugenzi, bata walianza kushuka. Dafrosa aliona mgongo wa mmoja ukipotea, kisha wa mwingine. Mmoja alijitahidi kurudi ukingoni, anatetemeka, mkondo ukambeba kando. Mwingine alibaki shingo tu. Kutoka kwenye uzio mzee Harrison alikuwa anapiga kelele na kupunga kofia yake. Wageni kadhaa walimpungia pia, wakidhani anashangilia.

"Sasa wewe," Mark alinong'ona. "Tabasamu."

Dafrosa alimtoa jicho jeupe. Moyo wa ndege ulikuwa unagonga viganja vyake haraka mno. Kifua kilikuwa bado na unyevunyevu wa kuoshwa asubuhi. Alipiga hatua hadi pale maji yalipogusa buti, kamera ikasogea, na mtangazaji akamsogezea kipaza sauti.

"Huyu hayuko tayari," Dafrosa alisema. Alisema kwa Kiingereza safi, polepole, kama mtu anayejibu mtihani wa mdomo. "Na wale hawakuwa tayari. Wanazama. Geuzeni kamera muwaone."

Mpiga picha alisogeza kamera karibu zaidi na uso wake.

Mark alicheka, akamshika bega. "Ameshamzoea mno," aliwaambia wageni, na wageni wakasema "oooh" kwa huruma. Mtu mmoja alipiga makofi.

"Geuzeni kamera!" Dafrosa alirudia. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, ya hasira. Hakuna aliyegeuka. Alifungua zipu ya koti lake, akamwingiza bata ndani, akaifunga mpaka chini ya kidevu, akaanza kupanda mwinuko.

Mark alimfuata hadi pale ambapo wageni hawasikii. "Ukiondoka na huyo ndege, usirudi. Si kesho, si kiangazi."

"Sawa."

"Dafrosa, ni bata tu."

"Nimesema sawa."

Aligeuka mara moja. Kemunto alikuwa amesimama karibu na hema akitazama chini. Kisha aliokota wavu, akaingia mtoni na buti zake, maji yakampanda magotini, yakampanda mapajani, akawa anawavuta waliokuwa karibu, mmoja mmoja. Hakusema kitu, kama alivyoahidi.

Dereva wa basi aliona koti linacheza tumboni mwa abiria wake. Alitazama mbele, akaendesha.

Jioni, kabla ya taarifa ya habari, simu ililia mara mbili. Kwanza wakala wa vibarua, msichana mwenye adabu, aliyesema Dafrosa asisumbuke kuja tena. Halafu Kemunto, meno yakigongana. "Tumetoa kadhaa. Mzee Harrison aliruka ile fence, tukasaidiana. Wengine waliingia kwa matete, hatukuwaona tena." Akapiga chafya. "Mimi pia nimeambiwa nisirudi. Na sikusema kitu, Dafrosa. Hata neno moja."

Familia ilikaa mbele ya televisheni. Enock alikuwa ameshavaa sare ya kazi ya usiku, Susan amelala mapajani mwa shangazi. Tangi halikuonyeshwa. Walionyeshwa bata wakiingia majini, ikaonyeshwa fulana, mkurugenzi akasema habari ya majirani. Kisha akatokea Dafrosa, uso mzima, machozi mashavuni, amemkumbatia bata. Midomo yake ilikuwa inacheza lakini sauti iliyosikika ilikuwa ya mtangazaji.

"Anasemaje?" shangazi aliuliza.

Enock alimfasiria. "Anasema mfanyakazi mmoja kutoka Afrika alishindwa kuagana na bata wake. Anasema kampuni inaelewa mapenzi ya namna hiyo."

"Umetoka vizuri," shangazi alimwambia Dafrosa. "Ila ungefunga kitambaa kichwani." Kisha akamtazama vizuri. Dafrosa alikuwa ameshasimama, anaelekea bafuni.

Jicho jeupe alikuwa kwenye beseni, amesimama juu ya taulo, anatetemeka. Dafrosa alipiga magoti, akafungua maji, akayajaribu kwa kiwiko. Alichoka mpaka mifupani, na harufu ya gereji ilikuwa imemganda kwenye nywele. Alijua kwamba machozi yake yameshatumika kuisafisha kampuni, na hakuna sabuni ya kuyarudisha.

Mlango ulifunguliwa. Shangazi Brigitha aliingia, akakunja mikono ya blauzi, akajifunga kanga upya kiunoni, akapiga magoti kwa taabu kando yake.

"Nionyeshe," alisema. "Tangu mwanzo."

Dafrosa alimwonyesha. Shangazi alishika mabawa kwa namna alivyowashika watoto wa ukoo mzima, kwa nguvu isiyoumiza. Waliosha, wakasuuza, wakabadilisha maji, wakaosha tena, wakasuuza mpaka kifuani maji yakaanza kuteleza kwa matone.

"Hatumpaki?"

"Hatumpaki, shangazi."

Walimweka majini wakasubiri. Alielea. Walipomtoa, shangazi alipitisha kidole tumboni chini ya manyoya. "Hapa pamelowa."

"Bado. Tutamwacha ajipange, tumjaribu tena kesho."

Shangazi alimfunga bata kwenye taulo kavu, akakaa naye palepale chini, mgongo ukiegemea beseni. "Lakini wale wengine," alisema, "wameelea vizuri. Nimewaona kwa macho yangu kwenye televisheni."

"Wameonyesha walipokuwa bado wanaelea, shangazi."

Ndege ya abiria ilipita juu ya paa, vioo vikatetemeka. Shangazi alisubiri ipite.

"Na yule bwana mwenye fulana anajua?"

"Anajua. Nimemwambia mbele ya watu."

Shangazi aliweka kiganja chake juu ya mgongo wa bata.

"Mimi nilikuwa sijui," alisema.

Alinyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kopo la mafuta ya mgando, akalikaza mfuniko, akamwambia Dafrosa alitoe humo bafuni.